Anwani ya Kudumu

Fomu ina kurasa nne, pini yake imeshika kutu.
Bi. Mbonea wa ustawi wa jamii ameilaza mezani,
juu ya mpira wa maua, kando ya kikombe changu,
na kalamu yake anaibonyeza, tik, tik,
kama mtu anayehesabu vidonge.

Jina: Kondo Shamte.
Umri: kumi na tano, kwa makisio.
Kosa: kuvunja na kuingia.
Hawakuandika kwamba waliovunja ni wakubwa,
yeye walimpenyeza tu, kwa kuwa mabega yake
yalipita kwenye nondo.
Hayapiti tena. Nimemlisha mimi.

Alikuja kwangu Yombo kutoka mahabusu ya watoto Upanga,
na mfuko mmoja wenye fundo.
Wiki ya kwanza alilala na viatu.
Niliviona alfajiri nikirudi zamu,
mikono inanuka jiki ya mashuka ya hospitali:
soli mbili zimechungulia nje ya shuka
kama watu wawili wanaongoja kuitwa.
Sikusema kitu. Nilifua lile shuka.
Kesho yake nikalifua tena.

Siku ya tisa alisimama dirishani, akaniambia
bila kugeuka: Mama Chausiku,
dirisha lako hili ni dakika mbili.
Nisikufiche, usiku ule pochi niliilalia.
Jumamosi akaomba elfu tatu.
Nikampa, nikijua nimeitupa.
Akarudi na nati, bisibisi ya kuazima,
na chenji mia tano.
Akakaza nondo moja moja,
kutokea ndani.
Sasa je? nikamuuliza.
Sasa nusu saa. Na kelele.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hapo wahenga walikata.
Siku ya mia moja na themanini apewe nini?
Hawakusema. Wamemwachia hakimu wa Kisutu.

Ukurasa wa tatu una vijisanduku:
arudi kwa mzazi, aende kwa ndugu, abaki kwa mlezi.
Mama yake yuko Mkuranga, ana mume mwingine na mapacha.
Alikuja mara moja, akaleta mihogo,
akamtazama mwanawe miguuni, muda wote miguuni,
akaondoka mapema kuwahi gari.
Mjomba wa Gongo la Mboto anamtaka. Ana gereji,
anataka mikono. Habari ya shule hajaiuliza.
Nami nina miaka hamsini na nane,
sukari inapanda,
nyumba ni ya marehemu na shemeji zangu
wanaikodolea macho.
Kudumu! Nimefua mashuka miaka ishirini na miwili
kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu.
Nani kati yetu anadumu, Bi. Mbonea?

Hajibu. Anasema ukurasa wa nne
kijana aujaze mwenyewe.

Kondo anakaa. Penseli ya shule, imetafunwa mkiani.
Anwani ya kudumu.
Anaandika taratibu, ulimi nje:
*Yombo Vituka. Ukishuka uliza mashine ya kusaga.
Nyumba ya tatu, mlango wa bluu umebabuka.
Mbwa wa jirani hana neno.
Gonga kwa nguvu, mama hulala mchana.*

Fomu ya serikali, anasema Bi. Mbonea, hujazwa kwa wino.
Kisha anaisoma tena,
na ile kalamu yake inaacha kulia.
Hamkabidhi. Anafunga faili.

Kesi ni Alhamisi. Sijui.
Mfuko bado uko msumarini,
fundo limelegea, halijafunguka.

Jioni napangusa meza.
Alikandamiza sana yule mtoto:
karatasi imekwenda, maneno yamebaki kwenye mpira,
hayana rangi, lakini ukiinama karibu na taa unayasoma.
Kitambaa nakipitisha pembeni.